Bunduki Ndani ya Blanketi la Baba

Kabla ya Alhamisi hiyo nilikuwa nimekagua bunduki za kijeshi za zamani zaidi ya mia tatu, na sikuwa nimegusa hata moja.

Kazi yangu ni kutengeneza pasi, redio na saa za ukutani. Naifanyia nyumbani kwangu Komarock, Nairobi, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na dirisha. Mimi ni mtu wa nyumba. Kuna wiki ambazo safari yangu ndefu ni kwenda kununua maziwa na kurudi, na hata hiyo naipanga tangu jana yake. Lakini kwenye simu nilikuwa mtu mwingine. Kuna kikundi cha mtandaoni cha wakusanyaji wa bunduki kuukuu, wazee wa nchi za baridi waliostaafu wakabaki na mbwa. Wanapiga picha silaha za babu zao: namba iliyogongwa kwenye bolti, yaani kile chuma cha kuvuta nyuma, mihuri midogo ya taji, herufi za kiwanda. Mimi nazikuza picha, nalinganisha, najibu. Hii ni ya vita vya kwanza vya Wajerumani. Hii mbao yake si ya kwake, imetoka kwa nyingine. Hii bolti ina namba tofauti na mwili, usidanganywe. Na kila mara namalizia kwa sheria ya kwanza ya mkusanyaji: usiisafishe. Uchafu wa bunduki ya zamani ndio cheti chake cha kuzaliwa.

Waliniita Kanali. Sikuwasahihisha. Mtu ambaye cheo chake kikubwa maishani kilikuwa kiranja wa bweni hawezi kufukuza Ukanali ukija wenyewe mlangoni.

Yote yalianza na picha ya Baba. Inaning'inia ukutani juu ya redio: kijana mwembamba mwenye kaptula iliyopigwa pasi, bunduki ubavuni, macho makali. Baba alifariki akiwa ametusimulia vita bila kututajia ni vita gani. Nilichukua lenzi yangu ya saa nikaanza kuichunguza ile bunduki ili nijue alipigana wapi. Niligundua ni thri-o-thri, ile ya Mwingereza ya risasi kumi. Niligundua mtindo wake. Katikati ya mbao palikuwa na mstari mweupe, nikaamua ni mkunjo wa picha. Kutoka hapo sikurudi tena. Nilijaza madaftari manane kwa picha za bunduki zilizobandikwa kwa gundi, kila moja na maelezo yake kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Sasa, kule kwetu magharibi kuna tabia moja. Kitu chochote chenye chuma au waya kikiharibika, hakitupwi wala hakipelekwi kwa fundi wa pale sokoni. Kinafungwa vizuri na kutumwa Nairobi kwangu. Nimepokea pasi, taa, cherehani, na mwaka mmoja nikapokea kinanda cha kanisa chenye panya ndani. Na Krismasi iliyopita, baada ya kula sana, niliwaeleza watu wote sebuleni kwamba kuna Wazungu hawanunui bunduki mpaka wanisikie. Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Daktari wa bunduki!" alisema. "Na hujawahi hata kuchinja kuku!"

Mama alikuja Alhamisi hiyo kwa ajili ya macho yake. Mtoto wa jicho amemfunika yote mawili, anaona ukungu, na kliniki ilikuwa imempa Jumatatu. Alikuja na ndizi, na kuku hai, na mzigo mrefu uliofungwa kwa blanketi la kijivu la Baba na kukazwa kwa kamba ya katani. Utingo wa basi alikuwa ameufunga juu ya kareya pamoja na magodoro ya watu.

"Huu ni nini, Mama?"

"Mgonjwa wako. Dada yako amesema uangalie."

Nilidhani ni mguu wa cherehani. Nikafungua kamba kwa meno, nikaukunjua mwisho wa blanketi, na nikaona mdomo wa bunduki ukinitazama.

Sikumbuki nilikaa chini vipi. Nakumbuka kuku alikuwa amepanda meza na hakuna aliyemfukuza. Nilimpigia dada yangu.

"Imefika?" aliuliza kwa furaha. "Tulikuwa tunabomoa ile nyumba ya zamani, tukaipata kati ya boriti na mabati. Nikasema, si tunaye daktari?"

"Umempa Mama bunduki. Ndani ya basi. Mama wa miaka sabini na nane."

"Imeharibika lakini. Ina kutu. Si wewe hupokea vitu vilivyoharibika?"

"Dada, hii si pasi! Hii ni jela!"

Halafu kwa sauti ndogo: "Kwani hata mbovu ni jela?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida yote, na niliijua vizuri kuliko mtu yeyote katika mtaa huu. Kumiliki bunduki bila leseni ni kesi inayomeza mtu mzima, na mwenye hii hakuwa mimi. Aliyeivusha nusu ya nchi alikuwa Mama. Ningesema nini? Kwamba iliingia dirishani? Ningeipeleka kituoni mwenyewe? Kutembea na bunduki kando ya Kangundo Road, mwanamume mzima mwenye ndevu za siku tatu, nikieleza kwamba naenda kuisalimisha! Ningefika nikiwa mzigo mrefu uliofungwa blanketi. Kuitupa mtoni? Wangeiokota watoto. Kuikata kwa msumeno? Ukuta wangu na wa jirani ni mmoja, anasikia hata nikigeuza chapati. Na nikiri aibu yangu: hata katika hofu ile, kuna Kanali ndani yangu aliyesema, usikate, hujui ni ya kiwanda gani.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilifanya kile ninachojua. Nilivaa glavu za kuoshea vyombo, nikafunga mapazia, nikailaza juu ya blanketi kitandani. Picha hazikuambii uzito. Nilikuwa nimeandika uzito wake mara nyingi, namba na vyote, na bado mikono ilishangaa. Ilinuka masizi na mafuta ya taa, kama jiko la nyanya yangu. Nilitafuta alama na lenzi, jasho likidondoka kwenye kioo. Chuma kilikuwa na kutu nene, sikuona herufi yoyote ya maana. Lakini kwenye mbao, katikati, palikuwa na utepe wa rangi nyeupe iliyochakaa, na juu ya utepe herufi mbili nyeusi, D na P.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Hizo herufi nazijua. Bunduki yenye hizo ilistaafishwa na jeshi lenyewe, ikaondolewa uwezo wa kufyatua, ikaachiwa kazi ya kufundishia gwaride. Ilikuwa maiti tangu kabla sijazaliwa. Ule utepe wa rangi ndio ungemwokoa Mama. Nilipiga picha kumi na nne, kila upande, mwanga mzuri.

Jumamosi nilikwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anaishi hapo mama mmoja kutoka Murang'a, sajenti mstaafu wa polisi, anayefuga sungura na kuongea na watu kama wako kwenye paredi. Nilimweleza yote bila kupumua.

"Usiibebe," alisema. "Hata kuitoa kitandani usiitoe. Mimi nitawaendea polisi mwenyewe, niwalete hapa kwa adabu. Wakiingia, mikono ionekane, na maneno yawe machache. Umenisikia? Machache. Wewe unaongea sana kwa mtu asiyetoka nje." Akanitazama. "Na hiyo simu yako wakiifungua wataona nini?"

"Bunduki."

"Na hayo madaftari?"

"Bunduki."

"Ukutani?"

"Baba." Nikatazama sungura wake. "Na bunduki."

"Mungu wangu," alisema, akaenda kuvaa viatu.

Nilirudi mbio, nikapita moja kwa moja hadi chumba cha kulala. Madaftari niliyasukuma ndani ya mfuko wa unga chini ya kitanda. Kisha nikaketi ukingoni mwa kitanda na kufuta simu. Nilifuta kikundi, nikafuta wazee wa nchi za baridi na mbwa wao, nikafuta folda nzima ya miaka. Vidole vilifuta kila kitu chenye mtutu. Nilipomaliza palibaki picha ya keki na picha ya kinanda cha kanisa. Ndipo nilipokumbuka zile kumi na nne. Na ndipo nilipogundua kwamba kitanda nilichokalia hakikuwa na kitu juu yake.

Nilisikia mtu akisugua. Krrr, krrr, krrr, nyuma, penye bomba.

Mama alikuwa kwenye kigoda, beseni mbele yake, bunduki ya Baba mapajani, waya ya kusugulia sufuria mkononi. Povu la sabuni ya unga lilikuwa limemfika viwikoni. Maji ya beseni yalikuwa meusi, na juu yake vilikuwa vinaelea vipande vidogo vyeupe.

"Mama. Mama, umefanya nini?"

"Si ulipotoka umeniambia unaiita serikali ije kuichukua? Utawapa watu kitu kichafu hivi? Watasema mke wa marehemu alikuwa mchafu." Akapapasa mbao kwa kiganja. "Ilikuwa na chokaa hapa katikati. Imekataa, lakini nimeiweza."

Niliipokea mikononi mwake. Utepe haukuwepo. D haikuwepo, wala P. Kutu nayo ilikuwa imetoka, na chuma kilimeta juani kama cha jambazi mwenye nidhamu, anayeisafisha bunduki yake kila Jumamosi. Sikumgombeza. Ningemgombezaje, wakati mimi mwenyewe, nikiona vizuri kwa macho mawili na lenzi, nilikuwa nimefuta ushahidi ule ule dakika tano zilizopita? Nilisimama tu pale na maji machafu yakiingia viatuni. Geti likagongwa.

Walikuwa askari wawili, pamoja na jirani. Mdogo wao aliitazama bunduki, akanitazama, akapiga mluzi.

"Buda, hii inang'aa hivi, mara ya mwisho imetumika lini?"

Jirani alifumba macho.

Kituoni tulipelekwa sote, Mama akiwa na chupa ya chai kwapani na lile blanketi begani, maana alisema askari nao ni watoto wa watu na pengine hawajanywa kitu. Yule mdogo alifungua daftari la matukio, akauliza swali la kwanza, ambalo ndilo nililoliogopa tangu Alhamisi.

"Bunduki ni ya nani?"

"Yangu," nilisema.

"Yangu," alisema Mama.

"Ni yangu, afande. Ilipatikana kwangu."

"Huyu anadanganya," Mama alisema. "Nilimzaa, namjua. Bunduki nimekuja nayo mimi, imefungwa blanketi langu. Andika mimi."

Yule kijana aliweka kalamu chini. "Watu wote hapa hukataa. Nyinyi mnaing'ang'ania. Shosho, unajua aliyeandikwa hapa analala wapi leo?"

"Nimelala pabaya zaidi," Mama alisema. "Andika."

Nilipiga meza, mimi, mtu ambaye hupunguza sauti hata akilalamikia chenji. Nikasema bunduki haifyatui, ni ya gwaride, mwiteni mtu anayejua. Na kwa kweli walimwita. Mzee wa ghala la silaha alitokea nyuma akiwa amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaipokea bunduki kwa namna ambayo ilinitia wivu, kama mtu anayepokea mtoto. Nilimwambia juu ya utepe mweupe. Aliigeuza.

"Uko wapi?"

"Umeoshwa."

"Nani ameosha?"

Mama aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Picha je? Ulipiga?"

"Kumi na nne. Nikafuta."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mtaona bunduki kwenye simu yangu."

Kijana alijificha nyuma ya daftari, mabega yakitikisika. Mzee hakucheka. Alisema polepole kwamba kwa macho yake hii ni silaha nzima, imetunzwa, na kwamba kuna maabara ya kuipima ila foleni yake ni ndefu, na wakati huo wote mwenye nayo atakuwa ndani.

"Si kuna ile picha ya..." Mama alianza.

"Mama, tafadhali," nilisema. Nilijua anataka kutaja picha. Picha zikitajwa wangekuja nyumbani, wangevuta mfuko wa unga chini ya kitanda, na kukuta madaftari manane ya mtu anayependa bunduki. "Tafadhali, nyamaza kidogo."

Akanyamaza. Alikaa na chupa yake ya chai, macho yake ya ukungu yakitazama mahali ambapo sauti yangu ilitoka, na nikamwona akiwa amekaa vivyo hivyo kwenye sakafu ya seli. Jumatatu ya kliniki ingepita. Nyingine isingepatikana leo wala kesho.

Nilijaribu kukumbuka kila picha niliyowahi kukuza. Mzee mmoja wa kikundi chetu, mwenye mbwa wa rangi mbili, aliwahi kutuma bunduki ya gwaride ikiwa imevuliwa mbao ya juu. Chini yake, kwenye chuma cha pale risasi inapokaa, palikuwa na tundu lililotobolewa kwa makusudi. Si zote zilitobolewa. Nyingine zilikatwa tu pini ile inayogonga risasi. Kama hii haikutobolewa, na pini yake ilikuwa imerudishwa na mtu, basi mimi ningekuwa ndiye niliyemfungulia Mama mlango wa seli kwa ujuzi wangu.

"Mzee," nilisema, "hiyo mbao ndogo ya juu. Imeshikwa na vibanio tu. Inua hicho kiono cha nyuma, cha kulengea shabaha, ubane kwa dole gumba, inatoka. Angalia chini yake."

"Umewahi kuitoa?"

"Sijawahi kutoa chochote. Nimeona."

Aliinua, akabana. Tak. Mbao ikatoka. Sote tuliinama.

Hakukuwa na tundu. Kulikuwa na masizi, na donge la udongo mkavu lililogandama kwenye chuma.

"Kuna nini?" Mama aliuliza. "Mbona mmenyamaza?"

"Hakuna kitu, Mama. Udongo wa nyigu tu."

"Nyigu wa kwenye dari?" Alisogea. "Basi kuna tundu. Wale hawajengi juu ya chuma laini. Miaka yote wanaziba matundu tu, waliniziba hata tundu la kufuli."

Mzee wa ghala alichukua kijiti cha kiberiti, akachokonoa. Udongo ulivunjika, ukadondoka kwenye daftari la matukio. Chini yake palikuwa na tundu la mviringo, safi, la kutosha kuingia penseli. Alilielekeza dirishani, akafungua bolti, akachungulia, na mwanga wa Jumamosi mchana ukampiga kwenye miwani.

"Ya gwaride," alisema. "Hii hata ukiomba haifyatui. Marehemu alikuwa mwalimu wa paredi?"

"Kushoto, kulia," Mama alisema. "Kushoto, kulia. Hata akienda chooni."

Niligeuka nikamtazama. Nilikuwa nimetumia miaka kumi na mitano kutafuta vita vya Baba.

Kijana alifungua ukurasa mpya. Alisema ataandika kwamba imesalimishwa kwa hiari na itapelekwa kuharibiwa, na kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu, nimwambie aandike ni kitu gani, hali yake, na thamani yake. Nilivuta pumzi. Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote mtu aniulize hivyo ana kwa ana. Ningemweleza juu ya mbao ile ya mti wa jozi ambayo haikuwahi kubadilishwa, juu ya namba ya bolti ambayo, sasa kutu imetoka, niliiona inalingana na ya mwili, jambo ambalo wale wazee wa mbwa wangelilia. Jirani alinitazama. Maneno machache.

"Andika chuma kikuukuu," nilisema. "Mbovu. Haina thamani."

Mama alikuwa amesimama karibu nami. Sikumtazama usoni. Nilitia sahihi, na mzee wa ghala akaibeba bunduki kwenda nyuma, mbao ile ndogo akiwa ameishika kando kama kipande cha mkate. Mlango ukafungwa. Sijawahi kuiona tena, na sikuwahi kuipiga picha nyingine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole, Mama akinishika kiwiko. Kuku alikuwa bado juu ya meza. Mama alilikunja blanketi la Baba, akalinusa, akaliweka kwenye kiti. Mimi nikasimama mbele ya picha ukutani, kwa sababu sikuwa na picha nyingine yoyote iliyobaki. Nilichukua lenzi. Niliutazama ule mstari mweupe, mkunjo wangu. Mikunjo huwa haizunguki mbao ikarudi upande wa pili. Wala huwa haina herufi.

"Mama," nilisema. "Kule kituoni, ulikuwa unataka kusema nini?"

"Hiyo picha. Si ina ule utepe mweupe? Niliuona tangu tulipooana, nilipokuwa naona."

"Na mbona miaka yote hukuniambia?"

Alijimiminia chai iliyobaki kwenye chupa, ambayo hakuna askari aliyekunywa.

"Hukuniuliza, baba. Ulikuwa unauliza Wazungu."